Stesheni ya Voi na Kaunti Iliyoizunguka: Historia Fupi

Kabla ya Voi kulikuwa na nyika ya Taru. Kila aliyeshika sururu katika ujenzi wa Reli ya Uganda aliijua nyika ile kwa kiu yake: miiba mitupu, ardhi nyekundu, na maji ya kunywa yanayoletwa kwa treni kutoka nyuma. Ndiyo maana reli ilipofika Mto Voi mwishoni mwa 1897, kilomita zipatazo 160 kutoka Mombasa, haikuwa hatua ya kawaida. Hapa injini ingepata maji na watu wangepumua. Stesheni iliyozaliwa hapo, chini ya mlima wa Sagalla, ndiyo iliyokuja kuwa mlango wa nchi nzima ya Taita na Taveta.

Wenyeji hawakuwa wageni wa kupokea wageni. Johannes Rebmann alifika Kasigau mwaka 1847, na mwaka uliofuata akaikatiza Taita akielekea Kilimanjaro. Mwaka 1883 mmishenari Joseph Wray alianzisha kituo juu Sagalla, na mwaka 1892 mapadre Wakatoliki wakafungua misheni ya Bura. Misafara ya pwani ilikuwa ikinunua chakula kwa Wataita, watu wa Dawida, Sagalla na Kasigau, waliokuwa wakilima miteremko kwa mifereji ya maji. Reli haikulikuta pori tupu. Ilikuta watu wenye mashamba, masoko na msimamo.

Sifa za ujenzi hupewa George Whitehouse, mhandisi mkuu, naye anastahili. Lakini Voi ilijengwa na mikono ya mafundi na vibarua kutoka India, hasa Punjab: waashi, maseremala, wahunzi na wabebaji wa mataruma. Katika ujenzi mzima wa njia hadi Kisumu waliajiriwa Wahindi wapatao 32,000, na takriban 2,500 kati yao wakafia kazini. Heshima ya stesheni hii ianzie kwao.

Hakuna mwana reli wa Voi anayeweza kupita kisa cha Tsavo bila kukisimulia. Machi 1898, Luteni Kanali John Henry Patterson aliwasili Tsavo, mwendo mfupi mbele ya Voi, kujenga daraja la mto. Baada ya siku chache simba wawili dume, wasio na manyoya ya shingoni, wakaanza kuingia kambini usiku. Mmoja wa waliochukuliwa alikuwa jemadari Ungan Singh, kalasinga mwenye maungo makubwa, aliyevutwa kutoka hemani wenzake wakisikia. Vibarua walijenga maboma ya miiba, wakawasha mioto, wakalala juu ya miti na juu ya matangi ya maji. Mwishowe mamia yao walisimamisha garimoshi lililokuwa likipita, wakalipanda na kurudi pwani, na kazi ya daraja ikalala kwa majuma. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898, wa pili tarehe 29. Patterson mwenyewe alitaja katika miaka ya baadaye watu 135 walioliwa. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao mwaka 2009 walikadiria kama 35. Hata hao 35 walikuwa na mama zao. Ngozi za simba ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago mwaka 1924, na ziko huko mpaka leo.

Daraja likaisha, reli ikasonga, Nairobi ikafikiwa mwaka 1899 na Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Voi haikubaki nyuma kama kambi iliyohamwa. Enzi hizo treni hazikuwa na behewa la chakula, kwa hiyo abiria waliteremka Voi kula chakula cha jioni katika nyumba ya wageni ya reli, kisha wakarudi kwenye mabehewa kulala. Bidhaa za kwenda Moshi nazo zilishushwa hapa na kupakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe kupitia Taveta, mpaka Wajerumani walipofungua reli yao ya kutoka Tanga hadi Moshi mwaka 1912.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na hapo ndipo Voi ilipogeuka kuwa makutano. Agosti 1914 majeshi ya Kijerumani yaliiteka Taveta. Vikosi vyao vidogo vilitembea nyikani kwa miguu, usiku, kwenda kutega baruti kwenye reli ya Mombasa. Waingereza wakaamua kulaza njia mpya kutoka Voi kuelekea magharibi. Ilianza mapema 1915, ikapita Mwatate na Bura, ikafika Maktau, na maji ya jeshi yakavutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Septemba 1915, karibu na Maktau, Luteni Wilbur Dartnell aliyezaliwa Australia alikataa kuwaacha majeruhi wake, akauawa pamoja nao. Alipewa Msalaba wa Viktoria na amezikwa katika makaburi ya Voi. Baada ya mapigano ya Salaita na ya vilima vya Latema na Reata, mwanzoni mwa 1916, reli iliingia Taveta, na mwaka huohuo ikaungana na ile ya Tanga pale Kahe.

Miaka hiyo haikuwa myepesi kwa raia. Watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa hadi Malindi. Wengi hawakurudi, na waliorudi walirudi baada ya miaka mingi. Familia zao bado zinakumbuka.

Amani iliipa njia ya Taveta kazi mpya. Mkonge ulienea Voi, Mwatate na Taveta, ambako mlowezi Ewart Grogan alijenga jumba lake juu ya kilima, na marobota ya nyuzi yakapakiwa kuelekea bandari. Landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, zikajaa familia za Wataita, Wakamba, Waluo na Wahindi, watoto wakicheza pamoja na baba zao wakipokezana zamu.

Wazee waliofanya kazi kwenye injini wakikaa pamoja, mazungumzo huishia kwenye Garati, zile injini kubwa za mvuke. Kuanzia 1955 ziliingia injini 34 za daraja la 59, kila moja ikibeba jina la mlima wa Afrika Mashariki, uzito wake ukipita tani 250. Njia ya Taveta, yenye reli nyepesi, ilibaki na injini ndogo. Njia kuu ilikuwa ya hao majitu. Garati ikisimama, fayamani alipanda juu ya tangi, akavuta bomba la maji na kulielekeza kwenye tundu, huku dereva akizunguka na kopo la mafuta, akigusa beringi moja moja kwa mgongo wa mkono kuona kama ina joto. Kazi hiyo haikufundishwa kwa kitabu.

Mengine yaandikwe kwa mkato. Mwaka 1948 ilitangazwa Mbuga ya Tsavo, na Voi ikawa makao ya upande wa mashariki chini ya mhifadhi David Sheldrick. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na njia ya Taveta ikapungukiwa na kazi. Shirika la Reli la Kenya liliundwa, dizeli ikashika mahali pa mvuke, na mwaka 2006 uendeshaji ukakodishwa kwa kampuni binafsi. Mwaka 2013 ilizaliwa Kaunti ya Taita Taveta, makao makuu yakiwa Mwatate, na mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Taita Taveta kikapata hati. Tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, yenye stesheni mpya Voi na vivuko vya tembo chini ya tuta.

 Treni ya kaunti kwa kaunti husimama Voi, na hapo hushuka watalii wa Tsavo pamoja na wenyeji wanaotafuta matatu za Wundanyi, Mwatate na Taveta.