Ntare wa Nkoma, Ntare wa Kanyaru

Aprili 29, 1972, Ntare V wa Burundi aliuawa Gitega akiwa na miaka 24. Kiti alikuwa amekikalia miezi isiyotimia mitano mwaka 1966, kabla ya Waziri Mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, kumpindua akiwa ziarani Kinshasa. Tarehe hiyo ikirudi, mazungumzo huishia Bujumbura na Gitega. Yangefaa yafike na Munanila, huku kwetu Kigoma, maana jina alilopewa Charles Ndizeye alipotawazwa linagusa sana upande huu wa mpaka.

Ntare wa kwanza, Rushatsi, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa ufalme wa Burundi. Alitoka wapi? Hapo ndipo penye ugomvi. Simulizi moja linasema alilelewa Buha, nchi ya Waha huku Kigoma, kwa shangazi yake Inabizoza, akiitwa bado Cambarantama, kijana wa vazi la ngozi ya kondoo na nywele timtim. Kutoka huko akaenda mlima Nkoma, kusini-mashariki mwa Burundi, na ufalme ukaanza. Simulizi la pili linamshusha kutoka Rwanda, akivuka mto Kanyaru.

Mwanahistoria Mfaransa Jean-Pierre Chrétien aliyachambua yote mawili mwaka 1981, nami nasimama upande wake. Anaonyesha kwamba lile la Kanyaru lilinenepa enzi za Wabelgiji, likipigiwa debe na Chifu Pierre Baranyanka, mtu wa kaskazini aliyesikilizwa sana na maofisa. Wazungu wale walishikilia kwamba watawala wa maziwa makuu ni "Wahamiti" walioshuka kutoka kaskazini. Mfalme aliyelelewa kwa Waha aliwaharibia hesabu. Basi Ntare akabadilishiwa njia, ikaandikwa hivyo vitabuni, na watoto wakakaririshwa.

Jina lenyewe halikukaa Burundi tu. Nkore, Uganda, walikuwa na Ntare wao. Wa tano alifariki 1895, na Ntare School ya Mbarara, iliyofunguliwa 1956, ndiko walikosoma Yoweri Museveni na Paul Kagame. Kwetu Kasulu, Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, kisha akawa mbunge miaka ile ya mwanzo ya uhuru, ambapo uchifu ulifutwa 1963. Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck tunawataja kila sherehe ya wanawake. Huyu wa milima ya Buha, mwanamke aliyetoka kwenye kiti cha enzi akaingia Bungeni, tunamruka. Ni aibu yetu watu wa Kigoma kwanza, kabla ya kuinyooshea kidole Dar es Salaam.

Siku aliyouawa Ntare V ndiyo mauaji makubwa ya Burundi yalipoanza. Maelfu wakakimbilia Kigoma, wengi wao wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania.