Minecraft 1.8: Toleo la Zamani Lililogoma Kustaafu

Tarehe 29 Februari 2016 kampuni ya Mojang ya Stockholm, Sweden, ilitoa toleo la 1.9 la gemu yake ya Minecraft. Lilikuja na ngao, mishale ya kupakwa dawa, mabawa ya kurukia angani, na mkono wa pili ambao hatimaye uliweza kushika kitu. Wajenzi na wazururaji walilishangilia. Wapiganaji walilijaribu, wakanuna, wakarudi walikotoka: toleo la 1.8.9, la Desemba 2015. Wengi wako huko huko mpaka leo.

Kwa asiyeijua, Minecraft ilionekana hadharani mara ya kwanza Mei 2009, kazi ya Msweden mmoja, Markus Persson. Dunia yake ni ya matofali matupu. Unachimba, unajenga, unalima, unafuga, na hakuna anayekupangia la kufanya. Vita vilikuwa jambo la pembeni, namna ya kujikinga na mazimwi ya usiku. Wachezaji wenyewe ndio waliovigeuza kuwa mchezo ndani ya mchezo, wakaanza kupambana wao kwa wao kwenye seva za mtandaoni. Lilipotoka toleo la 1.8, Septemba 2014, mapambano hayo tayari yalikuwa na mabingwa na mitindo yake.

Upanga wa 1.8 hupiga kila unapobofya kipanya. Mtazamaji atadhani basi ushindi ni wa mwenye kidole chepesi. Si hivyo. Ukishampiga mtu, gemu humkinga kwa nusu sekunde hivi, na mibofyo mingine ndani ya muda huo karibu yote ni kazi bure. Wepesi wa kidole hukusaidia tu kuwahi pale kinga inapoisha. Ufundi wenyewe uko miguuni. Kila pigo humrusha mpinzani nyuma, na ukipiga huku unakimbia humrusha mbali zaidi. Lakini pigo hilo hilo hukata mbio zako. Kwa hiyo fundi huachia kitufe cha kwenda mbele na kukibonyeza tena papo hapo, mbio zianze upya kabla ya pigo linalofuata. Akipatia, mwenziwe hubaki anaelea hewani, pigo juu ya pigo, asiweze kumfikia. Wengine huongeza ndoana ya kuvulia samaki: humtupia adui ili ayumbe, kisha huingia na upanga. Hakuna mwongozo wa Mojang uliowafundisha haya. Waliyagundua kwa kupigwa.

Toleo la 1.9 likaleta muda wa kusubiri. Upanga sasa huhitaji sekunde 0.6 hivi kurudisha nguvu, na ukiharakisha, pigo linaweza kushuka hadi sehemu ya tano ya uzito wake. Shoka, ambalo wengi walilijua kwa kukatia miti, likawa silaha nzito kuliko upanga. Nia ilieleweka, kupunguza kubofya ovyo, na sioni kama lilikuwa wazo baya. Anayeanza leo huenda akaupenda zaidi mfumo huo. Lakini ni kama kumwamuru fundi wa bao kwamba kila akila asite, ahesabu hadi kumi, ndipo asambaze kete alizokula. Mazoezi ya miaka yalifutwa kwa sasisho moja.

Hata hivyo, kununa peke yake hakuliweki toleo hai muda wote huu. Mojang yenyewe iliacha mlango wazi: tangu 2013, programu ya kuanzishia Minecraft kwenye kompyuta humruhusu mwenye gemu kuchagua toleo alitakalo bila kulipa tena. Gemu nyingi za mtandaoni hazina ukarimu huo. Jipya likitoka, la zamani limezikwa. Halafu kuna Hypixel, seva iliyofunguliwa Aprili 2013 na Wakanada wawili, Simon Collins-Laflamme na Philippe Touchette. Michezo yake mikubwa, ukiwemo ule wa kulinda kitanda ambapo kikishavunjwa hufufuki tena, ilibaki na mapigano ya 1.8. Aprili 2021 watu zaidi ya 200,000 walikuwa humo kwa wakati mmoja. Umati kama huo usipohama, hata kijana aliyekuwa chekechea mwaka 2015 atajifunza upanga wa 1.8, maana ndiko rafiki zake waliko. Ndiyo maana siafiki wanaosema haya yote ni watu wazima kukumbuka utoto.

Wepesi nao una nafasi yake. Kompyuta kuukuu huliendesha 1.8.9 bila kukwama, wakati toleo la 1.18 la mwaka 2021, lililopandisha kimo cha dunia kutoka matofali 256 hadi 384, hudai mashine yenye nguvu.

Mojang haikupuuza malalamiko. Kati ya Juni 2019 na Agosti 2020 Jens Bergensten, aliyepokea usukani kwa Persson mwaka 2011, alitoa matoleo kadhaa ya majaribio yenye mfumo mwingine wa mapigano na kuomba maoni. Mfumo huo haujaingia kwenye gemu kamili. Minecraft ya simu, kwa upande wake, haikuwahi kuwekewa muda wa kusubiri. Wenye seva za kompyuta nao hawakungoja: wengi huweka programu ndogo inayouondoa, ili hata mwenye toleo jipya kabisa aingie na kupiga upanga kama ilivyokuwa 2015.