Mfumo "Usio Rasmi": Televisheni na Kompyuta katika Historia ya Istilahi

Makala hii fupi inakusudia kueleza jinsi vyombo viwili vilivyopewa majina mbalimbali vilivyokuja kuwa kimoja, na tatizo la istilahi lililozaliwa hapo.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tanzania Bara nayo haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mkazi wa Ikuti, wilayani Rungwe, aliyapokea maneno "televisheni" na "kompyuta" kuwa majina ya vyombo visivyohusiana: kimoja cha kutazamwa, kingine cha kazi za ofisini. Hata yalipoongezwa maneno "runinga", "ngamizi" na "tarakilishi", mpaka huo haukuguswa.

Mpaka huo sasa umevunjika. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitangaza Android TV, mfumo endeshi wa televisheni janja. Mfumo huo umejengwa juu ya kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na sehemu kubwa ya msimbo wake hutolewa kwa leseni huria. Tangu mwaka 2009, mradi wa Android-x86 ulikuwa umeanza kuurekebisha mfumo wa Android ili ufanye kazi katika kompyuta za kawaida. Watu wengine wakafanya vivyo hivyo kwa mfumo wa televisheni. Hivyo fundi wa Ikuti aweza kuunakili mfumo huo katika flashi, akawasha kompyuta kuukuu kwa flashi hiyo, naye akatazama vipindi kama mwenye televisheni janja.

Je, mfumo huo tuuiteje? Wako wauitao "bandia", na wako wauitao "haramu". Maneno haya hayalingani. Bandia ni kitu kilichoigizwa ili kidhaniwe kuwa ndicho chenyewe, kama noti bandia. Haramu, katika lugha ya ofisi, ni kile kilichokatazwa na sheria. Mfumo tunaouzungumzia hukosa jambo moja tu: idhini ya mwenye jina. Hata hivyo, leseni huria haihusu jina la Google wala programu zake, kama vile duka la Play. Hizo zahitaji ruhusa yake.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Karani aandikaye "mfumo bandia" katika taarifa ya ukaguzi amekwisha kumtuhumu fundi kwa udanganyifu kabla ya uchunguzi. Mfasiri aandikaye "haramu" amemtungia sheria isiyokuwapo.

Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi "mfumo endeshi usio rasmi" itumike kwa mfumo uliotokana na msimbo huria bila idhini ya mwenye jina. "Bandia" ibaki kwa udanganyifu, na "haramu" iandikwe pale tu ambapo mwandishi aweza kukitaja kifungu cha sheria kilichovunjwa.