Ufafanuzi wa Huduma za Wavuti

Programu ya duka inapotaka kujua salio la mteja benki, haiwezi kupiga simu kuuliza fomu inajazwaje. Lazima ikute pameandikwa ombi lipelekwe anwani gani, liwe na taarifa zipi, na jibu litarudi katika sura gani. Hati hiyo ndiyo ninayoiita ufafanuzi wa huduma. Wengine husema maelezo ya huduma. Mimi naona maelezo humlenga mtu, ilhali hati hii husomwa kwanza na mashine, nayo haikisii. Chukua namba ya simu inayoanza na 0712. Ufafanuzi ukisema hiyo ni namba kamili, sifuri ya mbele hupotea njiani. Ukisema ni mfuatano wa herufi, hufika kama ilivyoandikwa.

Mwaka 2000 IBM, Microsoft na Ariba walitoa lugha ya pamoja ya kuandikia hati hizo kwa XML, wakaiita WSDL. Awali IBM na Microsoft kila mmoja alikuwa na ya kwake. Toleo la 1.1 lilifikishwa W3C, shirika la viwango vya wavuti, Machi 2001, nalo likalichapisha kama taarifa tu, si kiwango kilichoidhinishwa. Kikundi kazi kikaanza kuandaa 1.2, mabadiliko yakawa mengi hata ikabidi toleo liitwe 2.0, likaidhinishwa Juni 2007. Likawa limechelewa. Zana za waandaaji programu zilikwisha kujengwa juu ya 1.1, na huduma za SOAP (zile zinazobadilishana ujumbe wa XML) zilizobaki leo, kwa sehemu kubwa, bado zinatumia hilo lisilo na idhini.

Tatizo jingine lilikuwa urefu. Swali la salio peke yake lilihitaji kutaja aina za data, ujumbe wa kwenda na wa kurudi, kiolesura, namna ya kusafirisha, kisha anwani. Wachache waliiandika kwa mkono. Programu ndizo zilizoizalisha, na programu nyingine zikaisoma. Binadamu aliachwa nje.

Kampuni ya Sun ilijaribu lugha nyingine ya ufafanuzi, WADL, haikushika. Kilichoshika kilitoka kwenye kampuni ya kamusi: Tony Tam wa Wordnik alitoa Swagger mwaka 2011, hati fupi ya JSON ambayo mtu anaweza kuipitia kwa macho akaielewa. Mwishoni mwa 2015 ilikabidhiwa mradi ulio chini ya Linux Foundation, na tangu 2016 inaitwa OpenAPI.

Hapo tofauti ya maneno yetu mawili inapata kazi. Ndani ya ufafanuzi wa OpenAPI kila operesheni ina sehemu kali kwa ajili ya mashine, na sehemu huru ya maelezo kwa ajili ya msomaji. Sehemu hiyo ya pili hailazimishi lugha yoyote. Wewe unayeandaa huduma ya kutumiwa Dodoma au Mombasa, iandike kwa Kiswahili.