Jembe na Kura katika Milima ya Usambara

Yasemwa mara nyingi kwamba mtu maskini hana uhuru katika kura yake, kwa kuwa njaa ndiyo imchaguliayo. Neno hili lina ukweli wake. Lakini historia ya Usambara yatuonyesha kwamba si ukweli wote.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, nao ukaenezwa baadaye katika sehemu nyingine za milima hiyo. Wakulima waliamriwa kulima matuta ya kuzuia maji katika miteremko, na aliyekaidi alitozwa faini. Kusudi lenyewe halikuwa baya, maana mvua ilikuwa ikiuchukua udongo. Lakini mzigo haukuwa sawa kwa wote. Mwenye mashamba mengi alikuwa na nafasi. Mwenye kijishamba kimoja alipaswa kukichimbua chote kwa jembe la mkono, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake.

Waliosimamia amri hiyo ni mazumbe, yaani watawala wa jadi. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, maana yake kuitengeneza nchi, na kubana shi, maana yake kuiharibu. Kwa hiyo mkulima maskini alikuwa na kipimo chake cha siasa kabla hajaliona sanduku la kura. Alikataa matuta, akamwona zumbe kuwa ameiharibu nchi, na wengi wakajiunga na TANU, chama kilichoundwa mwaka 1954. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, amri ya matuta iliachwa.

Hata hivyo, uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulipofanyika mwaka 1958 na 1959, mkulima huyo alibaki nje. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa na sheria. Basi jambo la kwanza ambalo umaskini uliitendea kura lilikuwa kuizuia, wala si kuinunua. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: pato la paundi 75 lilitosha, au kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Hapo Kiswahili kilikuwa mlango wa kuingilia siasa kwa mtu asiye na mali. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, watu wazima wote waliruhusiwa kupiga kura.

Hofu ya kununuliwa maskini ilipata jina lake baadaye. Takrima, neno ambalo asili yake ni heshima apewayo mgeni, iliruhusiwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000. Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo mwaka 2006. Yafaa tuangalie jinsi neno lilivyogeuka: mwenye haja ndiye sasa amkirimuye mwenye nyumba.

Tukilinganisha mambo haya mawili, twaona kwamba umaskini haumpofushi mtu. Uamuzi ulipogusa shamba lake, Msambaa maskini alipima kwa makini, akastahimili faini. Zawadi hupata nguvu pale ambapo wagombea hawana neno lolote la kumwambia juu ya shamba hilo.