Jiko lisilo na mwenyewe

Haya, leo tuweke programu kando kidogo. Tukizungumza habari za wajasiriamali na ajira Kenya, wengi wetu huanza na M-Pesa, mwaka 2007. Mimi nataka tuanze na jiko la makaa.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti ikasema shida kubwa si watu kukosa kazi tu, bali watu wanaofanya kazi sana na kupata kidogo. Ilitaja sekta isiyo rasmi: mafundi wa bati, maseremala, washonaji, wengi bila leseni, na vibanda vyao vikivunjwa kila mara. Sisi tunawaita jua kali. Ripoti ilishauri serikali iache kuwahangaisha. Sera maalum ya jua kali ilitoka mwaka 1992. Miaka ishirini!

Katikati hapo, miaka ya 1980, likaja lile jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani. Wazo lilitoka Thailand, likarekebishwa hapa mpaka likapata kiuno tunachokijua. Hakuna aliyelisajili kuwa mali yake. Fundi wa Kamukunji alilitazama, akalipima, kesho yake akagonga la kwake. Wafinyanzi wakapata kazi, wauzaji wakapata kazi, bei ikashuka, na jiko likala makaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Kwa mpenzi wa programu huria kama mimi, hii ni hadithi tamu sana.

Lakini kitu rahisi kunakili hakimwachii mtu faida ya kupanua kazi. Kijana akishajifunza, anafungua kibanda chake hatua chache kutoka kwa mwalimu wake na kuuza jiko lile lile kwa bei ya chini. Vibanda vinaongezeka, kibanda chenyewe hakikui. Mwaka 2023, ukiwaacha wakulima wadogo na wafugaji, Kenya ilikuwa na wafanyakazi kama milioni 20, na milioni 16.7 kati yao walikuwa jua kali.

Hata M-Pesa haijatoka mbali na hapo. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, 2016, ulikadiria kwamba imetoa familia 194,000 kwenye umaskini, na siubishi. Ila tazama mawakala wa mtaani kwenu: watatu wamepangana ukuta kwa ukuta, kila mmoja peke yake dirishani, wakigawana wateja wale wale.