Kigae na Skrini: Chimbuko la Mandharinyuma ya Kurudiwa katika Violesura vya Kompyuta

Picha ndogo inayorudiwa mpaka ikajaza uso wa dirisha au kitufe cha kompyuta huhesabiwa kuwa pambo. Makala hii inadai kuwa mtazamo huo unapotosha historia. Kigae kilizaliwa na uhaba wa kumbukumbu; urembo ulikuja baadaye. Kuutambua mfuatano huo kuna maana kwa kila anayeshauri kuhusu mifumo ya umma itakayotumiwa kwenye vifaa vya bei nafuu.

Mfano bayana ni Macintosh ya mwaka 1984. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 na skrini ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Kwa kuwa kila pikseli ilichukua biti moja, taswira ya skrini pekee ilihitaji baiti 21,888, yaani takriban sehemu moja ya sita ya kumbukumbu yote. Kuhifadhi picha ya pili ya ukubwa huo kwa ajili ya mandharinyuma kungekuwa anasa. QuickDraw, maktaba ya uchoraji iliyoandikwa na Bill Atkinson, ilitumia badala yake ruwaza ya pikseli 8 kwa 8, yenye baiti 8 tu. Hata rangi ya kijivu, ambayo mashine haikuwa nayo, ilipatikana kwa kupishanisha nukta nyeusi na nyeupe.

Mfumo wa X, ulioanzishwa katika chuo cha MIT mwaka huohuo, ulikabili uhaba wa aina nyingine, yaani ule wa mawasiliano kati ya programu na seva ya skrini. Programu iliikabidhi seva kigae mara moja. Sehemu ya dirisha iliyofunikwa ilipofunuliwa, seva yenyewe iliipaka upya mandharinyuma. Hata hivyo, kila dirisha lilitandaza vigae kuanzia kona yake, hivyo kitufe kilichokaa juu ya dirisha lenye ruwaza ileile kiliweza kuonyesha mshono. Suluhisho lilikuwa kumruhusu mtoto kurithi mandharinyuma ya mzazi pamoja na mahali pa kuanzia kutandaza.

Uhaba huo ulijirudia katika wavuti. Netscape Navigator 1.1 ya mwaka 1995 iliruhusu picha kutandazwa nyuma ya matini. Kwa modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, kigae cha kilobaiti 3 kilipita kwa muda usiofika sekunde moja, ilhali picha ya pikseli 640 kwa 480 yenye rangi 256, bila kubanwa, ingehitaji sekunde 85 hivi. Ndiyo maana kanuni za CSS za mwaka 1996 ziliweka kurudiwa kwa picha kuwa hali ya kawaida pasipo agizo jingine.

Uhaba ulipopungua, kigae kilibaki bila sababu yake ya awali. Kilianza kuiga kitani, mbao na kitambaa cha meza ya kamari, hadi iOS 7 ya mwaka 2013 ilipoviondoa vitani na vitambaa hivyo. Gharama iliyojitokeza ni ya usomaji: herufi moja huweza kuangukia nukta nyeupe na inayofuata nukta nyeusi. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 unadai uwiano wa utofautishaji usiopungua 4.5 kwa 1 kwa matini ya kawaida. Juu ya ruwaza, uwiano huo hubadilika ndani ya neno lilelile.

Inahitimishwa kuwa kigae hakistahili kukubaliwa wala kukataliwa kwa kigezo cha mtindo wa wakati. Maswali ya kuuliza ni mawili: kinaokoa baiti ngapi kwa mtumiaji anayelipia data, na je, maandishi yaliyo juu yake yanasomeka? Mfumo wa umma unaojibu swali la kwanza pekee umeokoa kumbukumbu ya mashine na kumpoteza msomaji.